Ubao wa Alhamisi

Nilikuwa na mbao sita za kuchorea, mmoja kwa kila siku ya kazi, na ule wa Alhamisi siuchori tena. Mke wangu yumo ndani yake. Sisemi hivyo kwa mafumbo. Yumo chini ya koti nyingi, tabaka za rangi nilizozipaka mwenyewe kwa mkono huu, na mwaka huu, baada ya binti yetu kuniuliza kama kuna picha yoyote ya mama yake akiwa shambani, nilichukua kisu cha puti, kile bapa cha kukwangulia, nikaanza kumtafuta.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Ukiingia Babati kutokea Bonga miaka ile, bucha, saluni na gesti nyingi za kando ya barabara zilikuwa na herufi zangu. Lakini kuchora nilijifunza sekondari, kwa mwalimu wa jiografia aliyekuwa akitutoa nje na madaftari, anatuketisha kwenye nyasi na kutuamuru tuchore kilima tunachokiona, siyo kilima cha kwenye kitabu. Nilimaliza kidato cha nne na mengi niliyofundishwa yamenitoka. Hilo halikunitoka.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda changu mjini, nilikuwa nabeba kigoda, makopo ya rangi na ubao wa siku hiyo, napanda nyuma ya nyumba yetu hapa Nakwa mpaka penye jiwe bapa. Kutoka pale unaliona ziwa chini, mashamba yanayoteremkia, na mbele, juu ya mabati ya mji, mlima Kwaraa. Nilichora hicho hicho kila siku, miaka na miaka. Watu walidhani nimerukwa na akili. Mzee mmoja aliyekuwa akipitisha ng'ombe aliniuliza kama serikali imeniajiri kuulinda mlima usiibiwe.

Lakini haukuwa mlima ule ule. Masika ulikuwa karibu, wa kijani kizito, unaona hata mikunjo yake. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, wingu lilikuwa linaukalia kichwani mpaka saa nne, na chini mbaazi zinachanua njano. Mwezi wa tisa vumbi linaufuta kabisa. Nilikuwa nachora rangi ya majivu tu na mstari mmoja, na nilizipenda picha zile kuliko zote. Kisha mvua za kwanza zinaosha hewa, na asubuhi moja unatoka nje unaukuta umerudi.

Mbao nazo nieleze, maana kosa langu limetoka kwenye mbao. Fundi wa mabango hatupi ubao. Duka likifungwa, anauchukua ubao wake, anaupiga msasa mpaka herufi za zamani zilainike, anapaka undakoti, rangi nyeupe ya kufunika, anaandika jina jipya. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndivyo nilivyofanya na milima yangu. Picha ya Jumatatu ilikaa wiki nzima ikauke. Jumapili jioni, tukishatoka kanisani na kupumzika, naipiga msasa, napaka nyeupe, na Jumatatu asubuhi nachora nyingine juu yake. Hivyo hivyo Jumanne, hivyo hivyo Jumatano. Hakuna picha iliyoishi zaidi ya siku saba. Nilikuwa naona fahari kwa jambo hilo. Niliwaambia watu kwamba mimi sichori ili niweke, nachora ili nione.

Mke wangu alikuwa na maneno yake. Alitoka nyanda za juu za Mbulu, kwa watu wasiosema sana, lakini akisema neno unabaki nalo. Kila asubuhi alipita njia ya juu, hapo hapo mbele ya jiwe langu, na jembe begani, akielekea shamba letu la bondeni. Akifika usawa wangu ananisalimu kama mteja. Anasema, "Fundi, huo mlango haujaisha kupakwa tu?" Nacheka, naye anateremka. Nikitazama tena ubao, ameshafika kwenye mbaazi, na sikumchora. Sikuchora watu kabisa. Nilikuwa na sababu zangu, kwamba mtu anahama na mlima hauhami, na nilizitoa mbele ya yeyote aliyeuliza.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mbaazi zikiwa zimechanua, alisimama. Alitua jembe chini. Akasema, "Leo niweke na mimi."

Sijui kilichomfanya aseme siku hiyo. Sikuuliza, na hilo nalo ni kosa, ingawa si lile kubwa. Nilimwambia asogee mpaka ukingo wa mbaazi, naye akaenda, akasimama huku amelishika jembe kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilimwambia alegee. Akaniambia nisimfundishe kushika jembe. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu. Nilikuwa na bluu kidogo kwenye kopo, iliyobaki kwenye bango la zahanati, nikamchora kwayo, mdogo, si zaidi ya ukucha wa kidole gumba. Nilipomaliza alipanda kuja kutazama. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Jioni, rangi ikiwa imeshika, aliingia na ubao ndani mwenyewe, akagonga msumari sebuleni, akautundika.

"Huu usiufute," alisema.

Nikasema sawa.

Ulikaa pale siku sita. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mama waliyekuwa wakienda naye shambani, alikuja kuuona, wakacheka pamoja kwamba fundi amempunguza unene bila kuombwa. Binti yetu alikuwa chuo wakati huo. Mama yake alimweleza kwa simu, na nilimsikia akieleza picha nzima, ziwa liko wapi, mbaazi ziko wapi, yeye amesimama wapi.

Jumatano jioni nilirudi kutoka kibandani. Hakuwepo, alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nilinawa, nikanywa chai aliyoniachia kwenye chupa, na kwa kuwa kesho yake ilikuwa Alhamisi, nilikwenda ukutani nikautoa ubao wa Alhamisi kwenye msumari. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Yule jirani nilimwambia nilisahau, na padri nilimwambia hivyo pia. Ukweli ni kwamba nilikumbuka nikiwa nimeushika. Nilikumbuka, nikafikiri kwamba mbao tupu za akiba ziko kibandani, na kibandani ni mbali, na kwamba wingu la juma lile lilikuwa linakaa juu ya Kwaraa kwa namna ambayo sijapata kuiona, na kwamba mke wangu yupo, nitamchora tena siku yoyote. Nikakaa barazani nikapiga msasa. Nilipiga vizuri, kama nilivyofundishwa. Halafu nikapaka nyeupe.

Aliporudi aliuona msumari kwanza, kisha akauona ubao umeegemezwa barazani, mweupe, unakauka. Nilimwambia nitamchora mwingine. Akasema, "Sawa," akaenda kuwasha jiko.

Hakununa. Tulikula, tukasali, akaniuliza habari za kibandani. Kwa siku nyingi nilidhani limepita. Ilikuwa kama mwezi wa nane hivi, mbaazi zinavunwa, nilipokutana na yule jirani dukani akaniuliza kwa mzaha kama njia ya juu tumeiuza. Sikumwelewa. Akaniambia kwamba mwenzangu siku hizi anapita njia ya chini, ile ndefu inayozunguka nyuma ya nyumba za watu, na yeye jirani miguu inamuuma kwa kumfuata.

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe miezi miwili bila kuona kwamba hapiti. Mimi niliyekuwa nachora ili nione.

Kulikuwa na njia nyepesi ya kulimaliza: kwenda kumwambia nimekosa. Badala yake nilimchora kwa kumbukumbu, kwenye ubao mpya kabisa, nikamletea. Alikuwa anapepeta maharage. Aliangalia, akasema kwa upole, "Huyu si mimi. Huyu ni mwanamke amebeba jembe." Akaendelea kupepeta. Ubao ule nikauandikia saluni.

Alipita njia ya chini miaka kumi na moja, mpaka miguu yake ilipokataa, na baadaye mwili wote. Katika miaka hiyo sikupata kulitamka lile neno. Nilimhudumia alipougua, nilijifunza kupika uji usio na madonge, nilimkanda mgongo. Nilidhani hayo yanasema. Labda yalisema. Lakini mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne na kuandika maneno ya watu ukutani maisha yake yote hakukosa uwezo wa kusema neno hilo moja.

Alipokwisha kuzikwa, mbao nyingine niliendelea nazo baada ya siku za matanga. Wa Alhamisi niliuweka nyuma ya kabati.

Mwaka huu binti yetu alikuja kwa misa ya kumbukumbu, na kabla ya kurudi Arusha anakofanya kazi aliniuliza kuhusu picha. Alisema za harusi anazo, na ya kitambulisho, lakini anataka mama yake wa shambani. Alikuwa ameikumbuka picha aliyoelezwa na mama yake kwa simu. Nilimwambia ipo, imefunikwa. Akaniuliza imefunikwaje, na kwa mara ya kwanza nilieleza kama ilivyokuwa, bila kusema nilisahau. Alikwenda kuanua nguo.

Asubuhi iliyofuata nilikaa barazani na kisu cha puti na wembe. Nilijua pa kumtafuta: shubiri moja kutoka ukingo wa kushoto, vidole vinne kutoka chini. Koti za miaka ile zote, hata baada ya msasa, zilikuwa nene kama kidole changu cha mwisho. Ukizikata kwa pembeni zinaonekana kama ukuta wa kisima kinachochimbwa, rangi, mstari mweupe, rangi, mstari mweupe. Nilikwangua polepole. Nilipita kwenye kijani cha masika. Nilipita kwenye majivu ya mwezi wa tisa, mara nyingi. Mahali fulani ziwa lilikuwa limepanda mpaka pale zilipopaswa kuwa mbaazi, nikaukumbuka mwaka ule lilipofurika na yeye alivyolia kwa ajili ya mahindi. Kila mstari mweupe ulikuwa Jumatano moja, na Jumatano zote hizo alikuwepo, jikoni au barazani, akinisikia napiga msasa. Sikuwahi kulifikiria hilo. Mlio wa msasa, kila Jumatano jioni, miaka kumi na moja.

Siku ya tatu nikaifikia njano. Siku ya nne nikaifikia bluu.

Niliijua mara moja. Ziwa sikulipaka bluu ile kamwe. Ni ya bango la zahanati. Lakini kilichobaki ni doa, ukubwa wa punje ya mahindi, limechanwa na mistari myembamba inayokwenda upande mmoja. Kichwa hakipo. Jembe halipo. Mikono haipo. Kabla ya kupaka nyeupe nilikuwa nimepiga msasa, na nilipiga vizuri. Kosa langu lilikuwa pale, limeandikwa, na mwandiko ulikuwa wangu.

Nilimwita binti yetu. Alichuchumaa kando yangu, akautazama ubao, akapitisha kidole juu ya doa bila kugusa sana.

"Alikuwa anatembea au amesimama?" aliuliza.

"Amesimama. Alisimama ili nimchore."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kitu mkononi. Kisha akaniomba nisiendelee kukwangua, niuache hivyo, na asubuhi aliufunga kwa kitenge, akapanda nao basi. Sikumwambia ni mzito. Aliukumbatia.

Zimebaki mbao tano. Alhamisi sasa sipandi kwenye jiwe. Nachukua kigoda na kipande chochote cha plaiwudi, nateremka njia ya chini, na huko nilikuta sijui chochote. Miaka yote niliyoishi hapa sikujua kwamba njia ile inapita kati ya migomba, inavuka mfereji kwa gogo, kisha inapanda kidogo na kuachia mwanya. Kwaraa hauonekani kutoka pale hata kidogo.

Alhamisi ya pili yule jirani alinikuta. Amezeeka kama mimi, anatembea na fimbo. Nilimwamkia, naye akanicheka kwamba nimechelewa sana kufika. Nilimwuliza mwenzangu alikuwa anapenda kupumzika wapi. Akaniinulia fimbo kuelekea kwenye mwanya.

"Hapo. Kila siku hapo. Unaona kule juu?"

Nilitazama. Kati ya migomba miwili lilionekana jiwe langu bapa, tupu.

"Alikuwa anakuona mgongo," alisema. "Anasema, mgongo wake umeanza kupinda, na sweta hajavaa. Halafu tunaendelea."

Nilimwomba akae kidogo pale mwanyani, nimweke kwenye picha. Alisema yeye si wa kuchorwa, ni mzee, avae nini. Lakini alikaa. Nilimchora na fimbo yake na kiatu kilichokatika kamba, na juu, mbali, nikaliweka jiwe. Nilipomaliza nikampa ubao ukiwa bado mbichi, auondoe mbele yangu. Akaondoka akiwa ameushika kwa kingo, mbali na gauni lake, ananionya kwamba akichafuka nitafua mimi. Nikamwambia nitafua.