Hodi Kwenye Barafu

Fundi wa chumba cha barafu kwenye meli yetu ya jodari atatutia wazimu. Samaki wakishapangwa humo, wamekakamaa kama magogo, nasi tunatetemeka tukiwaza chai, yeye hufunga mlango, kisha huufungua tena. Huvua kofia, huingiza kichwa na kusema kwa adabu ya mgeni: "Hodi! Kuna mtu?" Mtu gani, jamani, kwenye barafu? Nahodha hufoka kwamba baridi yote inatoka; yeye hutega sikio, hupangusa pua, hupiga hodi tena. Mimi ndiye niliyemdhihaki kuliko wote, mpaka siku jodari waliponiporomokea humo nikabanwa mguu, nikapata sauti ya kuitika kwenye hodi ya tatu. Alinivuta nje amefura kwa hasira: "Mtu mzima unapigiwa hodi, unakaa kimya?"