Sumu Iliyopitia Mgongoni

Niliondoka kijijini Bahati, karibu na Nakuru, asubuhi bila mpango wowote. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, begi moja na afya ya punda. Shule niliiacha darasa la saba. Maswali yangu yalikuwa mengi kuliko mwalimu alivyopenda, nikaona barabara itanijibu haraka zaidi. Nimeosha magari Nakuru, nimechimba mawe, nimekamua ng'ombe wa watu. Kila kazi niliiacha nikishajua inavyofanywa. Asubuhi hiyo lori tupu lilikuwa linaenda Molo kubeba viazi. Dereva akafungua mlango, nami sikumuuliza anarudi lini.

Molo nilipata kazi kwa Mama Chebet, mjane mwenye shamba la kabeji. Nilitakiwa kupiga dawa ya wadudu. Kabla sijabeba pampu alinipa kikombe kikubwa cha maziwa.

"Kunywa yote. Maziwa huzuia dawa isikudhuru."

"Huzuia vipi, mathe?"

"Wewe kunywa. Hapa kila mtu hufanya hivyo."

Kibe, niliyekuwa nafanya kazi naye, akacheka. "Huyu ataiuliza hata kabeji jina lake."

Nikanywa. Ndiyo maana sikuogopa pampu ilipoanza kunivujia mgongoni. Shati lililowa, nikaona ni ubaridi tu. Nozeli, ule mdomo mdogo wa kutolea dawa, iliziba mara tatu. Kila mara niliifungua, nikaipuliza kwa kinywa, nikatema mate, nikaendelea. Hivyo ndivyo nilivyoona Kibe akifanya.

Saa nane jasho lilinitoka kwenye baridi ya Molo. Mate yakaanza kutiririka hadi kifuani kama ya mtoto anayeota meno. Macho yakajaa machozi, na mchana ukawa giza giza. Kibe akaniona nikiyumba.

"Ala! Chupa umeficha wapi, boss? Si ungenigawia?"

Nilitaka kumjibu, nikatapika. Kisha nikaharisha nikiwa nimesimama, mbele ya mama wa umri wa kunizaa. Misuli ya mapaja ikawa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi, kana kwamba kuna panya ndani. Hapo Kibe akaacha kucheka. Mama Chebet alikuja mbio na maziwa mengine. Yaliingia, yakarudi.

Walinibana kwenye pikipiki, dereva mbele, Kibe nyuma akinishikilia. Hospitalini nesi alinisogelea, akanusa, akaruka.

"Mmemleta akiwa ameivaa sumu yenyewe! Mvueni kila kitu!"

Kumbe njia yote ile shati lilikuwa bado linaninywesha. Waliniosha kwa sabuni kama maiti. Kifua kilikoroma kama cha mtu aliyezama majini. Walinidunga sindano moja, ya pili, ya tatu, hadi mdomo ukakauka kama unga. Kibe anasema siku mbili nzima nilikuwa naweweseka, nikivuna kabeji kwenye shuka.

Akili iliponirudia, daktari, mama mmoja mpole, alivuta kiti.

"Niambie ukweli. Uliinywa makusudi?"

"Hapana! Nilikuwa kazini."

"Wengi husema hivyo. Nyumbani nani anakungoja? Ukitoka hapa unaenda kufanya nini?"

Sumu yenyewe haikunishtua kama maswali yale. Miaka yote ya kuzunguka, na hakukuwa na kazi hata moja duniani iliyosimama kwa kunikosa mimi. Nikamwona anaandika. Nikaogopa anaandika kwamba nilitaka kufa. Nikasema lililokuja.

"Nataka kujua maziwa yalishindwa wapi."

Kalamu ikasimama. "Maziwa gani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Maziwa yalikuwa tumboni. Sumu ilikuwa mgongoni. Iliingia kwa ngozi, na nyingine uliilamba mwenyewe ulipopuliza nozeli. Maziwa hayazuii hata tone."

"Kwa hivyo kila mtu kule..."

"Kila mtu kule anabahatisha."

Mama Chebet, kwa huruma yake, alinipa kinga isiyokuwepo, na kesho angempa mwingine. Nikaanza kuuliza. Inapita kwenye ngozi ya wapi haraka zaidi? Glavu za aina gani? Pampu huvuja kwa nini? Hilo la mwisho daktari akalikwepa: "Kamuulize fundi."

Wiki tatu vidole havikuweza kufunga kifungo cha shati. Vilipopata nguvu nilirudi kwa Mama Chebet, nikavaa glavu, nikaifungua ile pampu uani. Raba ya kuzibia, ndogo kuliko kifuniko cha soda, ilikuwa imepasuka. Hiyo tu! Nusura nizikwe kwa ajili ya raba. Nikaweka mpya, nikajaza maji matupu, nikazunguka nayo shamba zima hadi nikahakikisha shati ni kavu.

Mama Chebet alikaa chini akalia. "Na watu niliowapa maziwa miaka yote hii?"

Kesho yake jirani alileta pampu yake. Jumapili nje ya kanisa nilikuta pampu zinaningoja, nyingi kuliko pikipiki. Tangu hapo nimekuwa fundi wa pampu, na bado sijaichoka kazi hii, jambo linalonishangaza mwenyewe. Kila pampu ina ugonjwa wake.

Namshukuru Mungu, yule daktari, na Kibe aliyenishikilia bila kujali anachogusa. Wewe unayepiga dawa, pampu ikivuja iweke chini hata kama umebakiza mstari mmoja. Nozeli ikiziba, tumia maji na mswaki mkuukuu. Ukilowa, vua, oga kwa sabuni, na ukijisikia vibaya nenda hospitali, usingoje jioni. Na wewe ambaye bado unatafuta uliumbiwa nini, sina siri ya kukupa. Mimi swali langu lilinikuta nimelala chali, nikalifuata.

Juzi nilishuka Sachangwan na sanduku langu la spana. Sikumjua mtu. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha alinifungulia kimoja, chenye kitanda na dirisha linalotazama mashamba ya viazi.

"Unakaa siku ngapi, kijana?"

"Kwanza niambie, mathe. Hapa kuna pampu ngapi za dawa?"

"Pampu? Kila boma! Na zote zinavuja." Akacheka.

Mimi sikucheka. Niliingiza sanduku ndani.

"Basi nipe kwa mwezi."