Nilivyolipaka Bao Mafuta

Shule niliiacha mapema, lakini filamu za kupanda mawimbi naweza kukufundisha. Sisemi hizi za kwenye simu, vijana wanarukaruka kama viroboto juu ya kibao chembamba kama chapati. Nasema zile za zamani, ambazo jirani yangu hapa Louisville alinionyesha kwenye ukuta wa gereji yake, Jumapili nikitoka kanisani. Hazina maneno, gitaa tu, donc sihitaji mkalimani. Siku ya kwanza nikaona mzungu anatembea mchangani na bao refu kama mlango wa kanisa, kalibeba kichwani. Kichwani! Nikapiga vigelegele. Kumbe na wao walikuwa watu.

Jirani, mzee mjane, bado alikuwa na bao lake la ujana. Zito kama kinu cha mama yangu, kile tulichokiacha milimani, ninachokikumbuka kila mashine ya jikoni ikinililia kama mbu. Kitu cha maana kina uzito.

Binti yake wa Buffalo alitaka kulitundika kwenye mgahawa wake. Wakawekeana sharti: mzee akisimama juu yake mara moja tu, ziwani pale Buffalo, linabaki lake. Akishindwa, linakwenda ukutani kama ngozi ya chui.

Mjukuu wangu wa kike anaendesha vani ya mizigo, tena vizuri kuliko pasta wetu anavyoendesha ibada. Akasema, "Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "tumpeleke." Bon, tukaondoka.

Columbus tulisimama kwa mdogo wangu kula. Mzee hakutaka bao liungue kwa joto la gari, tukaliingiza sebuleni.

"Dada, mmeniletea jeneza?"

"Jeneza lina kifuniko. Pakua chakula."

Mzee aliposinzia kwenye kiti, nikalitazama lile bao. Aibu! Juu lote uchafu mweupe, unanata kama mshumaa. Kwetu mtoto hapelekwi ugenini amepauka. Nikalisugua kwa maji ya moto na sabuni, kisha nikalipaka mafuta ya mgando, yale ya miguu yangu. Likang'aa!

Mdogo wangu akasema, "Sasa linaweza kuposwa."

Buffalo ziwa lilikuwa linafoka. Mzee akavaa nguo yake ya mpira, akafanana na kambare. Akapanda. Pwaa! Akapanda tena, akachomokea upande wa pili kama sabuni mkononi. Binti yake anacheka tu. Mzee akalirudisha ufukweni, akalinusa, akasema neno.

"Koko," mjukuu akaniambia, "anauliza nani katoa nta yake. Ndiyo inashika miguu."

"Mwambie lilikuwa chafu."

Akamwambia. Mzee akaketi mchangani.

Lakini mimi nimesugua sufuria kwa mchanga tangu sijaota meno ya pili. Nikakaza kitenge, nikapiga magoti, nikasugua mpaka mafuta yakaisha na bao likakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikasokota kitambaa kuwa ngata, nikajitwisha bao, nikalipeleka majini mwenyewe.

Mzee akasimama. Magoti yamekunjika, tumbo mbele, mikono kama anafukuza kuku. Lakini alisimama, vilevile kama wale wa kwenye gereji. Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa watu wakabweka.

Binti yake akanuna: sasa ukutani ataweka nini? Mjukuu wangu akamwonyesha picha aliyonipiga.

Basi ndimi niliye pale mgahawani, ukutani juu ya meza za watu, bao kichwani. Wanakula wakinitazama. Na watazame vizuri huo mgongo, ulivyonyooka.