Nyayo za Kisimani

“Nyayo zangu ziko wapi?” Mama Shani alikuwa anapiga kelele kisimani kama mtu aliyeibiwa kuku. “Jana jioni nimepita hapa, asubuhi hii mchanga umefagiliwa mpaka unang’aa. Bi Hadija, nyayo zangu umezipeleka wapi?”

Bi Hadija hakuacha kufagia. “Zilikuwa zimekanyaga mavi ya mbuzi, mwanangu. Nimezitupa kule pamoja na mavi yake. Halafu zamu ya kufagia leo ilikuwa yako.”

Watu wakacheka, na mie nikacheka. Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa ndoo ndogo kabla ya shule, na Chamazi yetu ilikuwa mchanga mtupu na nyumba zisizoisha kujengwa. Bibi yangu peke yake hakucheka. Alinivuta mkono akaninong’oneza, “Ukitoka hapa buruza mguu. Usimwachie unyayo.”

Asiyekulia kwetu nimweleze. Tuliambiwa kwamba anayechota mchanga ulioukanyaga amekushika wewe mwenyewe. Ataifunga nyota yako: usisome, usiolewe, ukiugua usipone. Basi mtu anayefagia nyayo za mtaa mzima kabla jua halijatoka, huyo anataka nini?

Alichotaka ni maji safi. Mkutano wetu wenyewe ndio uliomchagua asimamie kisima, na yeye akapanga zamu nyumba kwa nyumba, taka ziondolewe mdomoni mwa kisima kabla foleni ya ndoo haijaanza. Mwanzoni watu walikuja. Kisha huyu akaumwa mgongo, yule akapata mgeni, mwisho akabaki yeye na fagio lake la chelewa. Na wale wale walioumwa migongo walikuwa na nguvu za kukaa barazani mpaka adhuhuri wakisukana na kusema.

“Nasikia ana chungu chini ya kitanda, kimejaa mchanga wa watoto wetu.”

“Weee!”

“Haki ya Mungu.”

Aliyekiona hicho chungu nani? Hakuna aliyeuliza.

Ulipoitishwa mkutano wa kumwondoa, walikuja hata ambao hawakuwahi kukanyaga mkutano. Bibi yangu alisimama, na Bibi akisimama watu walinyamaza. “Mama huyu asipoondolewa,” alisema, “kisima hiki kitakula mtoto.”

Bi Hadija alikuwa amekuja na fagio lake. “Sawa,” alisema. “Basi hili nampa nani?”

Hakuna aliyenyoosha mkono. Akaliweka chini mchangani, akaenda zake.

Mvua zilipoanza, mavi ya mbuzi, maji ya kufulia, kila kitu kilishuka kisimani, na sie tuliendelea kuchota. Mdogo wangu Salumu alianza kuhara. Alikuwa mtoto wa kunifuata nyuma kila niendako, akijitahidi kukanyaga palepale nilipokanyaga. Tulimzika mvua ikinyesha. Bi Hadija alikuja msibani na jagi la maji aliyoyachemsha. Jagi lilirudi kwake limejaa.

Kisima kilikula mtoto, kama Bibi alivyosema, na kilikula mjukuu wake. Bwana afya alipokuja, alichungulia ndani, akatutazama. “Hapa anayesafisha ni nani?”

Watu wazima wote wakaangalia miguu yao.

Bibi alikufa akishikilia kwamba kile kilikuwa kisasi cha mchawi. Zamani nilimkasirikia sana. Sasa nina wajukuu, na naona kwamba bila maneno yale asingeweza kuamka asubuhi akapika chai. Alinipenda, alimpenda Salumu, na mdomo wake ndio uliomzika. Sijui niyaweke wapi yote hayo kwa pamoja. Bado napita pale kilipokuwa kisima nikiburuza mguu, halafu najichukia.

Leo tuna bomba. Juzi dada mmoja mgeni amejitolea kusimamia usafi wa mtaro, kwenye mkutano ambao viti vilikuwa vingi kuliko watu. Kabla hajafika kwake, kundi la mtaa kwenye simu lilikuwa limeshasema anafuga majini. Aliyeanzisha ni mjukuu wa Mama Shani. Nilitaka kumtukana, nikafuta, nikaandika, nikafuta tena.

Nimtukane kwa mdomo upi? Bi Hadija bado yu hai. Haoni vizuri, anakaa nyumba ile ile nyuma ya msikiti, na kuna watu wazima hapa mtaani ambao hawajawahi kumwambia shikamoo. Akisikia hatua nje anakohoa kidogo, ili mpitaji ajue kwamba kuna mtu.

Mama Shani bado mzima na miguu anayo. Ukoo wangu nitauleta mie mwenyewe. Tuongozane mchana, watu wakituona, twende mlangoni kwake tumwombe radhi. Tunadaiwa. Tukalipe.