Programu ya Kuondoa Kikohozi

Programu ya bure siiamini, kama nisivyomwamini mtu anayekimbilia kunibebea mzigo stendi kabla sijamwita. Nina duka la steshenari pale Mbugani. Nachapa barua, naweka nyimbo kwenye flashi, na wanakwaya wakijirekodi kwa simu huniletea niwasafishie sauti. Kwa hiyo baba mkwe alipofariki, na siku ya kusimika msalaba kaburini ikawa inakaribia, mume wangu alikuja dukani na video ya mzee. "Mama watoto," alisema, "hii tunakutegemea wewe."

Ndiyo video pekee iliyokuwa na sauti yake. Mume wangu alimrekodi akiwa amekaa barazani kwake Ngonga, anasimulia jinsi mababu walivyoanza kupanda kakao. Simu yenyewe ilizama ziwani Matema. Kilichobaki ni nakala iliyozungushwa kwenye kundi la familia, ikibanwa kila inapotumwa, hadi picha imefifia na sauti inakuja nyuma ya mdomo. Tukiiharibu na hiyo, mzee ndio amenyamaza moja kwa moja.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. "Vile vikohozi uvitoe, mwanangu. Watu watasema tulikaa na mgonjwa wa kifua bila kumpeleka hospitali."

Nilifurahi kupita kiasi. Kikohozi kile nilikuwa na kesi nacho. Kwetu mke haonani na baba mkwe: humtazami usoni, husemi naye, ukisikia anakuja njiani unachepuka migombani hadi apite. Siku hizi wengi wameacha. Ukweni kwangu hawakuacha. Mzee nilimjua kwa sauti ya nyuma ya ukuta, na kwa kikohozi. Kila nikitokeza uani na ndoo, utasikia, "Kho! Kho!" Nilijiambia huyu ananisimanga. Kwa kuwa haruhusiwi kunisema, basi ananikohoa. Iliniuma, na sikumwambia mtu.

Nikaanza kutafuta programu. Ya kwanza ilikuwa na sifa nyingi mno. Mwisho wa kazi ikambandika mzee tangazo lake kifuani, macho yangu yalipoishia. Ya pili, kabla hata sijafungua video, ikaomba ruhusa ya kusikiliza maikrofoni yangu, kusoma majina ya watu wangu na kujua nilipo. Ya nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Niliifuta hapo hapo. Ya tatu ilikuwa na kitufe cha kuondoa kelele. Nikakibonyeza, ikala kikohozi pamoja na nusu ya sentensi, na nilipohifadhi ikaibana video upya hadi shati la mzee likawa vijisanduku vitupu. Fundi wa studio ya jirani akasema nimwachie flashi hadi kesho. Nilimshukuru, nikaiweka flashi kwenye pochi.

Hatimaye nikaipata moja ya kompyuta, haina mapambo, inakata bila kubana tena, na inaitenganisha sauti na picha. Hilo la kutenganisha ndilo nililokuwa nalitafuta kimoyomoyo. Sauti ilikaa chini kama mstari wa milima, picha juu. Nikachukua karatasi nikabandika juu ya kioo, upande wa picha, nikafanya kazi kwa masikio. Heshima ni heshima, hata kwenye kompyuta.

Mume wangu alipoiangalia alicheka. "Mzee amefunga mdomo, maneno bado yanatoka!"

Ni kweli. Huwezi kulinganisha sauti na mdomo usiouona. Na yeye nimwachie? Kompyuta yenyewe huwa ananiuliza inawashwa wapi. Nikampigia simu mama mkwe kumwomba ruhusa.

"Mtazame, mwanangu," akasema. "Ndiyo nafasi yako ya mwisho."

Nikaibandua karatasi. Uso wa kawaida tu, na pengo la jino mbele, na masikio ya mwanangu wa kwanza. Nikaivuta sauti mbele kidogo kidogo hadi maneno yakaingia mdomoni. Nikakifuata kikohozi cha kwanza nikikate.

Mzee yuko katikati ya maneno. Mara ananyamaza, anageuza sikio kuelekea jikoni. Anakohoa mara mbili, makusudi kabisa, kisha anaugeukia ukuta na kujifunika uso kwa kofia. Nyuma yake anapita mwanamke mwenye ndoo, amejitanda kanga, macho chini. Ni mimi. Ndoo ikishatoka kwenye picha, mzee anashusha kofia, anageuka na kuendelea na kakao yake.

Nikakitafuta cha pili. Vilevile: kikohozi, ukuta, kofia, mimi na kuni.

Nililia pale dukani, mteja akaahirisha fotokopi yake. Nilidhani mwiko ule nimeubeba peke yangu. Ningejuaje? Kila alipojifunika, mimi nilikuwa natazama miguu yangu.

Nilipunguza mvumo wa upepo, nikasawazisha sauti, nikahifadhi. Vikohozi sikuvigusa.

Siku ya msalaba tuliweka runinga barazani, mahali pale pale alipokuwa anakaa. Mama mkwe aliniketisha karibu naye. Kabla haijaanza nilimnong'oneza kwamba vikohozi vimekataa kutoka.

"Programu imekataa?"

"Imekataa, mama."

Niliona wazi haamini hata neno moja. Kisha akanishika mkono. "Ndaga fijo," akasema, na ahsante ile aliitoa polepole.

Mzee akaanza kusimulia. Watu wakatulia. Akafika mahali pale, akanyamaza, akatega sikio, spika ikakohoa mara mbili. Nikainuka, nikajitanda kanga, nikapita nyuma ya runinga macho chini, taratibu, hadi nilipomsikia anaendelea.