Siku Tulipong'oa Mpaka wa Kihamba cha Bibi

Enzi zetu likizo haikuwa na hoteli wala bwawa la kuogelea. Likizo ilikuwa kupanda kwa Bibi. Sisi tulikuwa watoto wa Shirimatunda, mtaa wa mjini kule chini kwenye joto na vumbi, na kila shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili Mama alifunga magodoro kwa kamba, tukapakiwa nyuma ya pikapu ya jirani pamoja na kuku wawili na gunia la mchele, safari ikaanza. Tulipanda mlimani hadi Old Moshi, huko juu kabisa ambako migomba inaishia na msitu wa hifadhi unaanza. Pale Bibi alikuwa na nyumba ndogo ya mbao, vyumba viwili na jiko la nje, na asubuhi ukitoka kwenda kunawa uso ulikuwa unawasikia mbega wakinguruma msituni.

Wenzangu mliopandishwa mlimani kila Desemba mnajua ninachosema. Baridi ile! Tulivaa sweta juu ya sweta, tukalala watoto wawili na mbuzi mdogo mmoja kwenye chumba kimoja, na maji ya kunawa yaliuma meno hata kama hukuyanywa. Chai ilikuwa maziwa yenye majani, siyo majani yenye maziwa. Kiburu kilipikwa kwa chungu, ndizi na maharage vikapondwa hadi vikasahau kuwa viliwahi kuwa vitu viwili. Wanangu mimi nikiwapeleka leo, kabla ya kusema shikamoo wanauliza mtandao unashika upande gani. Sisi tulikuwa tunashuka garini tukikimbia, na shikamoo tuliitupa tukiwa tayari tumepita.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Naftali kumi. Mwaka ule Baba alikuwa ametuahidi kitu. Baba alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Karibu kila wiki alibeba masufuria yake akapita geti la hifadhi na watu wa mataifa yote, akawapikia uji na supu huko kwenye mawingu, na watoto wa watu wengine walimjua kwa mapishi yake. Sisi watoto wake tulikuwa hatujavuka geti hata mara moja. Tulikuwa tunamwona akishuka tu, midomo imepasuka kwa baridi, anaoga, analala siku nzima. Sasa alisema Jumamosi kabla ya Krismasi angetuingiza hifadhini, sisi wenyewe, na chakula angepika huko huko. Naftali hakulala siku mbili. Mimi nilishavaa viatu vya safari tangu Jumatano.

Alhamisi tukaharibu.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuteleza. Tulikuwa tunachuna magamba ya shina la mgomba uliokatwa, yale manene yenye utelezi, unakalia moja, unashika ncha kwa mikono miwili, unajiachia. Kihamba cha Bibi, yaani shamba lake la migomba na kahawa, kilikuwa mteremko mtupu. Unapita kati ya mikahawa, tumbo linabaki nyuma, unapiga kelele mpaka ng'ombe zizini wanasimama. Siku ile tulikalia gamba moja wawili, mimi mbele, na Naftali akasukuma kwa miguu kama mtu anayekimbizwa. Hatukuweza kukata kona ya jikoni. Tuliingia moja kwa moja kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi.

Bibi alikuwa mzee wa kanisa, tena wa benchi la mbele, lakini Krismasi yenye wageni thelathini bila mbege aliiona ni utovu wa adabu. Ndizi zilikuwa zimepikwa na kuachwa zichachuke, na hiyo ilikuwa siku ya nne. Zote zikamwagika. Kuku wakaja mbio kutoka pande zote, wakala, na baada ya muda mfupi walianza kutembea kiupande upande. Jogoo alipanda juu ya banda saa nane mchana, akawika nusu, akaanguka. Sisi tulikuwa tumelala chini tumelowa uchachu kuanzia nywele, na kosa letu la pili likawa kucheka.

Bibi alichukua fagio akaanza kufagia, na hilo lilikuwa baya kuliko fimbo. Baba ndiye aliyesema.

"Jumamosi hakuna anayekwenda popote. Watoto wasioweza kupita jikoni salama, mlimani watapitaje?"

Nililia hadi nikapata kwikwi. Si kwa sababu ya mlima. Mlima nilikuwa nauona kila siku kutoka Shirimatunda, upo tu. Nililia kwa sababu ya Baba, maana nilijua baada ya Krismasi wageni wake wangerudi na sisi tungemkosa tena hadi mwaka mwingine.

Ijumaa alfajiri Naftali akaniamsha. Alikuwa na mpango. Mwaka uliotangulia baba yetu mdogo alimkosea Bibi, wakanuniana wiki nzima, hadi alipokuja ameshika jani moja la isale, ule mmea wa majani marefu membamba, limefungwa fundo. Bibi alilipokea na ugomvi ukaisha pale pale. Kwetu Uchagani ndivyo ilivyo: mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia, hata kama moyo bado unachemka. Tukapiga hesabu zetu za kitoto. Kama jani moja linafuta ugomvi wa mtu mzima, pipa zima la mbege linahitaji zaidi. Tukaona pembeni ya kihamba masale mazuri, marefu, yamejipanga mstari. Tukang'oa saba, na mizizi yake, ili Bibi aone tumemaanisha. Na kwa kuwa Mama alikuwa ametuonya kwamba tukichimba tufukie ng'ombe asije akavunjika mguu, tulifukia mashimo vizuri, tukayakanyaga yakawa sawa na ardhi, tukatandaza majani makavu ya mgomba juu yake. Hakuna watoto waliowahi kuharibu kwa usafi kama ule.

Tukampelekea Bibi jikoni, tukapiga magoti, udongo unadondoka kwenye sakafu.

"Bibi, tunaomba msamaha."

Bibi aliangalia mzigo. Akaangalia mizizi. Midomo ikaanza kumcheza, sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Mmeyatoa wapi haya?"

"Kule kwenye mstari, karibu na mparachichi," nikasema kwa fahari.

Bibi akakaa chini kwenye kigoda. Sisi watoto wa mjini tulikuwa hatujui kwamba isale ndiyo alama ya mpaka wa kihamba. Mstari ule ulikuwa kati ya Bibi na Mzee Ndesario, jirani wa upande wa juu. Walikuwa wamegombea kipande kile cha mparachichi tangu Baba akiwa shuleni, na miezi michache tu kabla ya hapo wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kutwa nzima, wakapima kwa hatua, wakapanda masale yale, wakapeana mikono. Miaka ile yote ya ugomvi ilikuwa imelala mbele yetu pale jikoni, imefungwa kwa kamba ya mgomba.

Na kabla Bibi hajapata la kusema, sauti ikasikika huko nje.

"Mama Eliakimu! Mama Eliakimu! Mpaka umekwenda wapi?"

Eliakimu ni Baba. Mzee Ndesario alikuwa amesimama na mundu wake, kofia mkononi. Baba akatoka mbio na povu la kunyolea ndevu shavu moja. Mama naye akatoka na mwiko. Nilijua sasa si Jumamosi tu iliyokufa. Krismasi nzima imekufa.

Bibi akainuka taratibu. Akachagua isale moja kwenye mzigo wetu, akakata jani, akalipiga fundo, akatoka nje na kulinyoosha kwa mikono miwili.

"Wajukuu zangu wamekosa, na mimi nimekosa kwa kutowafundisha. Naomba unisamehe."

Mzee Ndesario aliinama akalichunguza lile jani.

"Lakini hilo si ni la mpaka wangu?"

"Ni la mpaka wetu," Bibi akasema. "Unalipokea au unalikataa?"

Akalipokea. Angefanyaje? Akakuna kichwa, akamwangalia Naftali aliyekuwa bado amepiga magoti, akaniangalia mimi na viatu vyangu vya safari, halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akaomba kiti. "Wameomba msamaha kwa kung'oa mpaka! Aika mae, asante mama, sijawahi kuona." Bibi naye akashindwa kujizuia, akafunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanaruka.

Kupanda masale upya ndiko kulikokuwa kazi. Kwa sababu ya usafi wetu hakuna aliyeona mashimo yalipokuwa. Baba alivuta kamba ya kuanikia nguo, Bibi akasema sogeza juu, Mzee Ndesario akasema sogeza chini, Mama akaleta chai, wakasogeza tena. Mimi na Naftali tulichimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Kufika saa tisa mstari ulikuwa umepinda kwenye mparachichi, na wote wawili waliuona umepinda, na hakuna aliyetaka kuanza upya. Bibi akamwambia jirani achume parachichi anazotaka. Jirani akasema kesho angemletea ndizi mbivu za kupika mbege nyingine.

Alipokuwa anaondoka akamgeukia Baba. "Eliakimu, watoto hawa wamekuja kwa adabu. Sisi wazee tumepokea. Wewe unawanyima nini?"

Baba akafuta povu lililokuwa limekauka shavuni tangu asubuhi. "Saa kumi na mbili," akasema. "Atakayechelewa anabaki na kuku walevi."

Jamani, ile Jumamosi! Tuliingia msituni ukungu bado umekaa kwenye miti, ndevu za kijani zinaning'inia kwenye matawi, mbega wanaruka juu yetu na mikia yao myeupe. Tulipiga kelele mpaka Baba akasema tutaamsha theluji. Naftali alianguka kwenye tope mara nne na kila mara aliinuka anacheka. Tulipofika kijitoni Baba alitoa jiko lake dogo, akatandika kitambaa juu ya jiwe, akatuita, "Karibuni wageni wangu." Akatupakulia supu ya karoti kwa heshima, mkono mmoja nyuma. Sikuwahi kumwona hivyo. Nyumbani alikuwa baba aliyechoka; pale alikuwa bwana mkubwa wa kazi yake. Naftali akauliza, "Baba, na wewe unakulaga saa ngapi?" Baba akafunika sufuria, akasema huwa anakula wageni wakishalala. Tukamsogezea nafasi kwenye jiwe, akakaa, akala na sisi.

Desemba iliyopita wanangu walipanda na wenzao, safari ya siku mbili, wakalala kibanda cha kwanza. Walifika mbali kuliko nilivyowahi kufika mimi. Walirudi na picha mia tatu, na video ya mpishi wao, waliyemwita tu Mzee Kijana, akigeuza chapati hewani bila kuangalia. Baba, babu yao, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda hata ngazi ya kanisa, aliishika simu karibu na macho, akaiangalia ile video mara tatu.

"Huyu mpishi anaitwa nani?" akauliza.

Mkubwa wao akasema hawakuuliza.

"Hakuna neno," Baba akasema, akawarudishia simu. "Hata mimi walikuwa hawaniulizi."

Niliinuka nikaenda jikoni kwa kisingizio cha chai, maana sikutaka wanione. Sisi siku ile hatukupiga picha hata moja, hatukuwa na kamera. Ila mpishi wetu tulimjua, hadi anavyokoroma.