Nilisema Sijui Kiswahili, Furaha Akafukuzwa Shule

Msinihurumie. Nilikuwa msichana wa shule, najua, lakini nilikuwa na akili zangu timamu na nilijua uongo ni nini. Nilimwangamiza mwenzangu huku nikimtazama machoni, na mpaka leo hakuna aliyewahi kunishika mkono na kuniambia, wewe, ulifanya nini?

Hii ilikuwa Springfield, Virginia, miaka ya elfu mbili na kitu. Mama alinileta kutoka Nakuru nikiwa nimeshamaliza darasa la tano, kwa hivyo Kiswahili nilikijua vizuri sana. Lakini sekondari niliwaambia wote kwamba nilikuja nikiwa mtoto wa kubebwa na lugha ya kwetu sikuijua hata kidogo. Nilijifunza Kiingereza cha puani mpaka mama akawa ananiuliza kama nina mafua!

Kitu kimoja tu cha Kenya ndicho nilichokubali, mbio. Kocha wetu aliamini Mkenya huzaliwa akikimbia, nami sikumsahihisha. Akaniweka kwenye timu ya wasichana ya kupokezana vijiti, mkimbiaji wa mwisho, yule anayeshangiliwa. Mimi na umbo langu hili! Kusema kweli nilikuwa wa kawaida tu.

Ndipo akaja Furaha. Si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Alitoka Bukavu, Kongo, yeye na mama yake, wakapanga kwenye fleti zile zile tulizokaa sisi. Kiingereza hakujua ila salamu. Siku ya kwanza uwanjani alivua viatu, akakimbia, kocha akabaki ameshika filimbi bila kuipuliza. Wiki hiyo hiyo nafasi yangu ya mwisho akapewa yeye, mimi nikawa wa akiba.

Iliniuma! Sitaficha. Niliumia mpaka chakula kikanishinda.

Shuleni nilipita karibu naye kama simjui. Lakini tukishuka kwenye basi la shule na wenzetu wakishapotea, tulitembea pamoja mpaka nyumbani tukiongea Kiswahili, mimi changu cha Nakuru, yeye chake cha Bukavu. Siku moja akaniuliza, "Dada, mbona ku masomo haunisemeshake?" Kwao masomo ni shule.

"Huko ni Kiingereza tu," nikamwambia. "Ndio ushike haraka."

Akanishukuru. Alidhani namsaidia.

Mashindano ya mkoa yalipokaribia, kocha akasema kila mmoja alete kitu cha kula pamoja siku hiyo. Furaha akaniuliza njiani yeye alete nini. Nikakumbuka michezo ya shule nyumbani, vile walimu walikuwa wakitugawia machungwa wakati wa mapumziko, tunayafyonza mpaka maganda. Kumbe hata kwao ilikuwa hivyo hivyo! Tulicheka sana. Nikamwambia, "Basi leta machungwa. Na usisahau kisu, hayo ya huku ganda lake ni gumu."

Kila mwanafunzi aliyejua Kiingereza alijua kwamba kisu shuleni, hata cha siagi, ni kufukuzwa. Miaka ile shule zilikuwa na hofu, tuliambiwa habari hiyo kila muhula. Nimejiuliza mara nyingi kama siku ile nilisahau kweli. Jibu langu hubadilika.

Siku yenyewe, kwenye ukumbi wa chakula, Furaha alifungua begi akaanza kuwamenyea wenzake. Msichana mmoja akapiga kelele. Meza zikasukumwa, polisi wa shule akaja mbio mkono ukiwa kiunoni. Furaha alikuwa bado ameshika chungwa.

Baada ya muda nikaitwa kwa makamu wa mwalimu mkuu. Nilimkuta nyuma ya meza yake, polisi amesimama dirishani, kisu kiko katikati, kidogo, chenye mpini wa plastiki. Furaha alikuwa kwenye kiti, analia. Aliponiona alisimama na uso wake ukafunguka.

"Dada! Ubaambie ni ya machungwa! Njo weye ulisema nilete! Ubaambie!"

Makamu akanigeukia. "Anasema nini? Kocha anasema wewe ni wa huko."

Jamani, ilikuwa ni sentensi moja tu! Kisu ni cha machungwa, mimi ndiye niliyemwambia alete. Lakini nikimtafsiria, wote wangejua kwamba Kiswahili nakijua. Wangejua pia kwamba kisu ni wazo langu, nami ningeketishwa kwenye kiti cha pili. Na kulikuwa na wazo la tatu, baya kuliko yote: asipokimbia yeye, nitakimbia mimi.

Nikajibu kwa Kiingereza, "Sijui. Hiyo si lugha ya kwetu."

Furaha hakuhitaji mkalimani kuelewa. Alinitazama, kisha akaketi polepole. Walimpigia mtu wa Kifaransa kwa simu, lakini Kifaransa cha Furaha kilikuwa cha kuokoteza, na alipoulizwa ni nani aliyemwambia alete kisu alitikisa kichwa tu. Jioni ile nilikimbia mimi. Tukawa wa tatu.

Nilidhani yameisha. Lo! Yalikuwa bado.

Jumapili kanisani, kwenye ibada yetu ya Kiswahili ya Wakenya na Wakongo, mama Furaha alisimama kuomba maombi. Alikuwa anafua mashuka hotelini, mwanamke mpole, hana neno na mtu. "Wapendwa, mtoto wangu banataka kumufukuza ku masomo," alisema. "Kuko mukutano, batamuhukumu. Banasema batatupatia mutu wa français ku simu, lakini siye français tunajua kidogo tu. Munisaidie mutu mwenye anaweza kutusemea."

Mama yangu akasimama kabla sijapumua. "Mama Furaha, usihangaike. Siku hiyo mimi niko kazini kwa wale wazee ninaowahudumia, lakini huyu msichana wangu anasoma huko huko. Atakuja awasemee."

Kanisa zima likapiga makofi! Furaha alikuwa viti viwili mbele yangu. Hakugeuka.

Siku zile sikulala vizuri. Kwenye mkutano ule angekuwapo makamu yule yule niliyemwambia sijui Kiswahili. Nikifungua mdomo, nimeumbuka. Nisipofungua, mwenzangu ameisha. Mara mia nilitaka kumwambia mama, na kila akiniuliza nina nini, nasema ni masomo.

Siku ilipofika nikasema tumbo linaniuma.

Mama aliniwekea chai na dawa akaenda kazini. Nililala nikiangalia dari, na saa ya mkutano ilipopita nikahisi nafuu. Ndiyo, nafuu! Naandika hivyo ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Alasiri mlango ukagongwa. Walikuwa wao wawili, bado wamevaa nguo za kanisani. Mama Furaha alikuwa na chupa ya uji.

"Tumesikia uko mugonjwa," alisema. "Hatukuweza kupita bila kukuona."

Nikauliza mkutano umekwendaje. "Bamemukatala. Hatarudi tena." Akafuta macho na upindo wa kitenge. "Lakini afya njo ya kwanza. Lala, mwanangu."

Akapiga magoti kando ya kitanda changu, akaweka mkono juu ya tumbo langu lisilouma, akaniombea nipone. Aliniombea kwa machozi, mimi! Hapo ndipo nikaelewa kwamba Furaha hakuwa amemwambia kitu. Alikuwa amesimama mlangoni. Sala ilipoisha alisema "Amina" pamoja na mama yake, akinitazama.

Hakurudi shule yoyote. Alianza kwenda hotelini na mama yake, kisha wakahamia jimbo jingine, na nimewatafuta bila kuwapata. Mama yangu bado husimulia kanisani jinsi nilivyougua siku mbaya. Mkataa kwao mtumwa, na mimi nimekuwa mtumwa wa uongo ule maisha yangu yote.

Wazazi, mtoto akikujibu Kiingereza usicheke, muulize anamficha nani. Na wewe kijana, wakikuita umsemee mtu wa kwenu, hutajisikia jasiri. Utaona aibu, utaogopa.

Nenda ukiogopa hivyo hivyo.